Kona Usiyoifyeka: namna ya kuwapa nyuki wa porini makao na chakula shambani

Huku kwetu Mkuranga mkulima hodari hutambulika kwa usafi wa shamba. Kingo zimefyekwa mpaka kwenye mpaka wa jirani, mabua yamechomwa, hakuna shina kavu lililoachwa limesimama. Nami nilisifiwa hivyo misimu mitatu, na misimu hiyohiyo maboga yangu yalikuwa yakidondoka yangali na ukubwa wa yai la kuku, yamegeuka manjano na kuanza kuoza nchani. Nilimlaumu aliyeniuzia mbegu. Nikaongeza mbolea, nikapata majani mapana kama ungo na maboga yaleyale ya kudondoka.

Kumbe ua jike la boga hufunguka asubuhi moja tu. Likifumba bila kuletewa chavua ya kutosha kutoka ua dume, habari yake imekwisha. Upepo hausaidii, maana chavua ya boga ni nzito na inanata. Lazima aje mdudu, na wadudu wenyewe nilikuwa nimewabomolea nyumba kwa jembe, fyekeo na kiberiti.

Yanayofuata hapa hayahitaji mzinga wala fedha nyingi. Nyuki wa asali ni mmoja tu kati ya aina zaidi ya 20,000 za nyuki zinazojulikana duniani. Wengi wa waliobaki hawaishi kwa makundi, hawana asali ya kurina na hawana muda wa kukufukuza. Jike mmoja huchimba tundu lake, huweka ndani bonge la chavua iliyochanganywa na mbochi, yale maji matamu ya maua, hutaga yai juu yake, huziba, kisha huanza chumba kingine. Hao ndio tunaowatafutia nafasi.

Angalia kwanza kama zao lako linahusika

Mahindi huchavushwa na upepo. Mpunga hujichavusha. Muhogo, ndizi na nanasi hatuvuni kwa sababu nyuki amepita. Kama shamba lako zima ni hayo, kona ya nyuki haitakuongezea gunia hata moja, na asikudanganye mtu.

Wenye njaa kubwa ya nyuki ni boga, tikiti, tango na pasheni ya manjano. Bila mgeni hakuna tunda. Alizeti, korosho, embe, parachichi, kahawa, mbaazi na kunde hutofautiana: mengine hujichavusha kwa sehemu, lakini nyuki wakipita mara nyingi mavuno huongezeka au matunda hujaa vizuri zaidi.

Halafu kuna kundi ambalo wengi hawalitarajii: nyanya, bilinganya na nyanya chungu. Chavua yao imefungiwa ndani ya vijifuko vyenye tundu dogo nchani, mfano wa kopo la chumvi la mezani. Nyuki wa asali hajui kulifungua. Nyuki mkubwa mweusi hulikumbatia ua, hutuliza mabawa, kisha hutetemesha misuli ya kifua mpaka chavua imwagike. Ukisimama karibu utasikia mlio wa juu, mfupi, tofauti na ule wa kuruka. Huko Nguruman, kaunti ya Kajiado nchini Kenya, watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2008 waliona kwamba bilinganya za wakulima zilitegemea nyuki wa porini wa namna hii, na kwamba nyuki hao walihitaji maua ya vichaka vilivyozunguka mashamba, kwa kuwa ua la bilinganya halina mbochi. Yaani nyuki anakuja kwako kuchukua chavua, lakini kinywaji anakunywa porini. Ukilifyeka pori, hana sababu ya kuja kwako pia.

Hatua ya 1: kaa uhesabu kabla ya kugusa chochote

Chagua asubuhi isiyo na mvua, zao likiwa limechanua. Kwa boga anza saa kumi na mbili na nusu. Ikifika saa nne au tano maua yanafumba. Kaa mbele ya maua kumi kwa robo saa, uandike kila mgeni anayeingia ndani ya ua. Huna haja ya majina ya kitaalamu. Mimi hutumia makundi manne: nyuki wa asali, nyuki mkubwa mweusi atoboaye mbao, ambaye wengine humwita nyuki seremala, nyuki wadogo wasiouma, wale weusi wanaokaa kwenye mashimo ya miti na nyufa za kuta za udongo, na "wengineo", ambao ni vijinyuki vya kijani vinavyong'aa, vyenye mistari ya buluu tumboni, au vinavyobeba chavua chini ya tumbo badala ya miguuni. Nzi na mchwa wenye mabawa usiwahesabu humo.

Rudia siku tatu tofauti. Namba hizo zihifadhi kwenye daftari la shamba, ndizo utakazolinganisha nazo mwakani.

Kama unataka uhakika zaidi, fanya jaribio dogo. Jioni tafuta maua jike 30 ya boga yatakayofunguka kesho. Yana kijitunda chini yake na ncha imeanza kuwa ya manjano. Kumi yafunge kwa vipande vya neti ya pazia, usitumie chandarua cha mbu kwa kuwa kina dawa. Kumi yaache wazi. Kumi mengine asubuhi uyapake chavua mwenyewe, kila moja kwa ua dume moja au mawili, ukisugua taratibu katikati ya ua. Baada ya wiki hesabu vijitunda vilivyoshika. Yaliyofungwa yatadondoka, hilo tarajia. La kutazama ni tofauti kati ya yaliyoachwa wazi na uliyoyapaka. Zikilingana, nyuki wako wanatosha na tatizo lako liko kwingine: maji, udongo au ugonjwa. Uliyopaka kwa mkono yakizidi sana, endelea kusoma.

Dalili nyingine haihitaji jaribio. Tikiti lililopinda, au tango nene upande mmoja na jembamba upande wa pili, mara nyingi ni tunda lililopata chavua kidogo, mbegu za upande mmoja hazikutunga.

Hatua ya 2: tafuta nyumba zilizopo

Watu wengi huanza kwa kupanda maua. Mimi nashauri uanze na makao, kwa sababu mara nyingi yapo tayari na unachotakiwa ni kutoyaharibu.

Zunguka shamba saa nne asubuhi jua likiwa limeshika. Tazama chini, hasa kwenye tuta la zamani, ukingo wa njia, mteremko wa mtaro, sehemu ngumu isiyoota kitu. Sehemu kubwa ya aina za nyuki wa porini hukaa ardhini. Utaona vitundu vya upana wa kalamu au vidogo zaidi, vimezungukwa na kirundo cha udongo laini. Siafu na mchwa nao wana vitundu, kwa hiyo subiri dakika chache uone nani anaingia na chavua mwilini. Ukipata eneo lenye vitundu vingi, weka kijiti chenye kitambaa chekundu na uwaambie vibarua: hapa jembe halipiti.

Kama hakuna, tengeneza. Chagua kipande cha mita mbili kwa tatu kisichotuamisha maji, kinachopata jua la asubuhi. Ng'oa nyasi kwa mkono, shindilia udongo kidogo kwa miguu, kisha ukiache. Usiweke matandazo hapo wala samadi. Shambani kwengine endelea na matandazo yako kama kawaida, ila nyuki hawezi kuchimba chini ya tabaka nene la majani. Kwenye kichanga chetu cha Pwani udongo hubomoka, basi nilimwaga karai tano za udongo wa kichuguu kilichokufa nikauchanganya na mchanga. Msimu wa pili vitundu vya kwanza vikaonekana.

Nyuki wa mbao anahitaji mti mkavu uliokufa. Ukikata tawi la mwembe, mkorosho au mfenesi, weka vipande vya unene wa paja na urefu wa mita moja. Vifunge vilalie chini ya paa la banda au juu ya mti, mahali mvua haifiki, kimo cha kifua au zaidi. Tundu la mlango lina upana wa kidole kidogo na ni la mviringo kamili, utadhani limepigwa keekee. Ndio haohao wanaotoboa kenchi za nyumba, na najua watu wanaowamwagia mafuta ya taa. Paka kenchi rangi, maana mbao iliyopakwa hawaipendi, kisha uwape gogo lao pembeni. Dume la nyuki hawa hukutisha kwa kuzunguka mbele ya uso wako, lakini hana mwiba. Jike anao, na hautumii mpaka umkamate mkononi.

Kwa nyuki wadogo zaidi, kata matete au mianzi myembamba vipande vya sentimeta 15, upande mmoja ukiwa na kifundo kilichoziba. Changanya matundu ya unene wa kijiti cha kiberiti na ya unene wa kalamu. Funga ishirini pamoja, tundika kwa uthabiti yasining'inie na upepo, mdomo utazame mashariki. Badilisha matete kila mwaka, la sivyo vimelea na ukungu vitawamaliza wenyeji. Vilevile, unapovuna mtama, alizeti au bamia, acha baadhi ya mashina yamesimama kwa urefu wa goti. Vijinyuki vingine huingia kwenye uboho wa shina lililovunjika.

Ukuta wa udongo wa jiko la zamani unaotaka kuubomoa? Uchunguze kwanza. Wangu una wapangaji wengi kuliko nyumba yenyewe.

Hatua ya 3: jaza miezi ya njaa

Chora kalenda ya miezi 12, uandike kila kinachochanua ndani ya mita mia tatu kutoka shambani. Umbali huo nimeuchagua makusudi: nyuki mkubwa mweusi anaweza kwenda mbali, lakini wale wadogo wengi hawavuki mita mia chache kutoka nyumbani. Chakula kilicho ng'ambo ya mto si chao.

Kwangu kalenda ilionyesha jambo wazi. Kuanzia Juni hadi Septemba kuna mbaazi, mikorosho na miembe, ni karamu. Vuli ikinyesha kuna magugu ya kila aina. Halafu Januari na Februari, kiangazi kikali, hakuna kitu. Jike aliyezaliwa Januari hufa kabla ya tikiti lako la masika kuchanua. Kupanda ua linalochanua Agosti hakumsaidii, hata liwe zuri namna gani.

Acha ukanda wa upana wa mita moja hadi mbili kwenye mpaka mmoja, ikiwezekana ule ulio karibu na zao lenye uhitaji. Kwenye eka moja, mipaka miwili inatosha kwa kuanzia. Mimea ninayoiamini kwa ukanda wa pwani ni hii:

- Kivumbasi na mrihani. Ukivikatia maua yaliyokauka na kuvimwagia maji ya kunawia, vinachanua karibu mwaka mzima.
- Marejea. Nyuki wakubwa na nyuki wakata majani, wale wakatao vipande vya majani kujengea vyumba vyao, huyapenda mno, na udongo unafaidika.
- Mbaazi, mstari mmoja wa zile zinazodumu, usiing'oe baada ya kuvuna.
- Mlonge, mti mmoja kila baada ya mita kumi. Huchanua mara nyingi kwa mwaka, na mboga ni yako.
- Mgagani na mchicha mwitu acha vichache vifike kwenye maua. Hata giligilani na figili zilizozeeka bustanini ziache zichanue wiki mbili kabla ya kung'oa.
- Kishona nguo. Ndiyo, gugu lile linaloganda kwenye suruali. Nyuki hulitembelea kiangazi wakati mengine yamekauka. Lifyeke likianza kukomaza mbegu, la sivyo utanilaani.

Alizeti pori huwavuta nyuki, lakini huvamia; kama haipo kwako usiilete. Ndulele nina ugomvi nayo. Nyuki watetemeshao maua huipenda, ila ni ya ukoo wa nyanya na inaweza kuhifadhi kantangaze, yule mdudu mharibifu wa nyanya. Ukilima nyanya, ing'oe. Ukilima tikiti, iache chache.

Usipande yote kwa siku moja. Anza na kivumbasi kwa vipandikizi mvua za kwanza za vuli, marejea kwa mbegu wiki hiyohiyo, milonge masika inayofuata. Palilia ukanda huo mwaka wa kwanza kama unavyopalilia mboga, nyasi zisiumeze. Baada ya hapo fyeka nusu tu kwa wakati mmoja, nusu nyingine iwe na maua.

Hatua ya 4: bomba la dawa

Hapa ndipo kazi yote huharibika kwa asubuhi moja. Nimewahi kuona ukanda wa miaka miwili ukinyamaza baada ya kibarua kupulizia tikiti saa mbili asubuhi, maua yote yakiwa wazi.

Usipulizie kwa ratiba ya "kila Jumamosi". Kagua mimea ishirini, hesabu wadudu waharibifu, kisha uamue. Ukilazimika, pulizia jioni jua likizama, maua ya boga na tikiti yakiwa yamefumba. Fyeka magugu yenye maua katikati ya mistari siku moja kabla. Simama upande ambao upepo unapeleka dawa mbali na ukanda, na acha mistari miwili ya mwisho bila kupulizia.

Muda wa jioni hautatui kila kitu. Dawa zinazoingia ndani ya mmea, kama zenye imidakloprid na thiamethoksamu, hupanda mpaka kwenye chavua na mbochi, na zilizomwagwa shinani huwafikia nyuki wa ardhini huko huko chumbani. Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku kwenye mashamba ya wazi mwaka 2018. Kwetu bado utazikuta kwenye duka la pembejeo, kwa hiyo soma jina la kiambato kwenye lebo, jina la biashara halikwambii kitu. Usizitumie kwenye zao linalokaribia kuchanua. Usichanganye dawa ya wadudu na ya ukungu kwenye bomba moja kwa kuokoa safari. Baadhi ya michanganyiko humdhuru nyuki kuliko kila dawa peke yake. Mwarobaini ni afadhali, lakini nao ni dawa: jioni vilevile.

Na maji ya kuoshea bomba yasiende kwenye mtaro. Nyuki hunywa humo.

Pasheni peke yake

Nimeipa pasheni ya manjano nafasi yake kwa sababu ndipo faida huonekana haraka. Ua hufunguka karibu na adhuhuri na kufumba usiku, mara moja tu. Halikubali chavua ya mche wake wenyewe, basi panda miche iliyotokana na matunda ya mama tofauti. Miche yote ikitokana na vipandikizi vya mti mmoja, nyuki hata wawe elfu hawatakusaidia. Nyuki wa asali ni mdogo mno kwa ua hilo. Huingia chini, huchota, huondoka bila kugusa panapotakiwa. Nyuki seremala akiingia, mgongo wake hupiga pote pawili, penye chavua na panapoipokea.

Wasipokuwepo, utafanya kazi yao kwa kidole kila mchana, ua moja moja. Wakulima wa vanila wanaijua adha hiyo. Mwaka 1841 Edmond Albius, kijana mtumwa wa miaka 12 kisiwani Réunion, alionyesha jinsi ya kuchavusha vanila kwa kijiti na kidole gumba, na mpaka leo nje ya kwao asilia ndivyo inavyofanyika, kwa kuwa nyuki wake walibaki Amerika. Wa pasheni sisi tunao. Tundika magogo mawili matatu ndani ya mita hamsini kutoka kwenye waya wa pasheni, na marejea chini yake.

Majirani, nyoka na mwaka wa pili

Mzee wa shamba la chini alipita siku moja akasimama mpakani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hili pori mwanangu utalifyeka lini? Au umeumwa?"

Nikamweleza habari za nyuki, akacheka. Sikumlaumu. Ukanda usiofyekwa unafanana na uvivu, na nyoka nao ni hoja ya kweli. Kwa hiyo usiuweke kando ya njia ya watoto wala karibu na nyumba, na kati ya ukanda na mahali unapopita acha mita moja iliyofyekwa chini kabisa. Kibao kidogo kilichoandikwa "Shamba la nyuki, usichome" kimenisaidia kuliko maelezo, hasa Februari watu wanapowasha moto.

Usitarajie mengi msimu wa kwanza. Rudia hesabu ya robo saa mwezi uleule wa mwaka unaofuata, kwenye zao lilelile, hali ya hewa ileile. Kama kundi la "wengineo" limeongezeka, makao ya ardhini yamekubaliwa. Kama walioongezeka ni nyuki wa asali pekee, pengine kuna mzinga mpya mtaani na magogo yako bado ni matupu; yasogeze penye jua zaidi.

Mzee naye ana pasheni, na juzi alikuja kuomba gogo lenye matundu. Kuhamisha ni usiku, baada ya saa mbili, wote wakiwa ndani. Ziba kila tundu kwa kitambaa kikavu, beba gogo bila kuligeuza juu chini, lifunge mahali pake pa kudumu, kisha vitoe vitambaa kabla hakujapambazuka na usimame kando.